Mzaha wa Profesa Parkinson na Saa Zetu za Jioni

Mpenzi msomaji, ukilisikia jina Parkinson, yamkini utaufikiria ule ugonjwa wa kutetemeka unaowapata zaidi wazee. Ugonjwa huo ulipewa jina la daktari mmoja wa London, James Parkinson, aliyeandika habari zake mwaka wa 1817. Huyo siye ninayekuletea leo. Ninayekuletea ni Cyril Northcote Parkinson, Mwingereza ambaye hakutibu mtu hata mmoja, lakini aliyagundua maradhi ya ofisini. Aliyaeleza kwa mzaha, watu wakacheka mpaka mbavu zikawauma, kisha wakanyamaza wakatazamana. Manake waliona wanaosemwa ni wao wenyewe.

Nimeamua kumwandika kwa sababu mbili. Kwanza, wengi wetu hudhani kwamba mtu mcheshi hana jambo la maana kichwani. Darasani mwanafunzi wa mzaha huitwa mpuuzi, na mwenye kununa huitwa mwenye bidii. Pili, mwaka huu kumekuwa na mazungumzo hapa shuleni kuhusu kuwaongezea wanafunzi wa kutwa saa moja ya masomo ya jioni. Nadhani Profesa Parkinson ana neno la kutuambia juu ya saa hiyo, ingawa hakupata kuijua shule yetu.

Kwanza tumjue mwenyewe. Parkinson alizaliwa mwaka wa 1909 katika mji mdogo wa Barnard Castle, kaskazini mwa Uingereza, akakulia mji wa York. Baba yake alikuwa mchoraji. Alisomea historia katika Chuo Kikuu cha Cambridge, na mwaka wa 1935 akapata shahada ya udaktari kutoka London. Alipenda sana habari za bahari na manowari, na kitabu chake cha kwanza, kilichotoka mwaka wa 1934, kilimhusu amirali mmoja wa zamani. Baadaye akawa mwalimu wa shule ya wavulana, kama hawa walimu wetu, kisha akafundisha katika chuo cha maafisa wa jeshi la majini huko Dartmouth. Vita Vikuu vya Pili vilipopamba moto akavaa magwanda ya jeshi la nchi kavu, akawekwa katika kazi za makao makuu, yaani kazi za meza na faili. Vita vilipokwisha akafundisha chuo kikuu cha Liverpool. Mwaka wa 1950 alivuka bahari akaenda kuwa profesa wa historia katika Chuo Kikuu cha Malaya, kilichokuwa Singapore wakati huo.

Hebu hesabu kazi hizo: mwanahistoria, mwalimu wa shule, mwalimu wa mabaharia, mwanajeshi, profesa. Baadaye akaongeza kuwa mtunzi wa riwaya na mhadhiri aliyealikwa nchi nyingi kuwahutubia mameneja na wafanyabiashara. Kwetu mtu wa namna hiyo huambiwa kwamba hajui anachotaka. Lakini utaona kwamba kila kazi ilimpa jambo la kulitazama, na yote aliyoyatazama yakakutana katika makala moja fupi.

Makala hayo yalichapishwa katika gazeti la The Economist la London tarehe 19 Novemba 1955. Hayakuwa na jina la mwandishi. Yalianza kwa maneno matulivu, kama kwamba ni habari za biashara za siku zote, kisha yakatangaza kanuni mpya. Kwa lugha yangu mwenyewe, kanuni hiyo ni hii: kazi hutanuka mpaka ikajaza muda wote iliopewa. Ukiipa kazi saa moja, itakwisha kwa saa moja. Ukiipa wiki nzima, kazi ile ile itaila wiki nzima, na siku ya mwisho bado utakuwa unahema.

Ili tuelewe, Parkinson alitupa mfano wa bibi kizee asiye na shughuli yoyote ambaye anataka kumtumia mpwa wake postikadi. Anatumia saa nzima kuitafuta postikadi, saa nyingine kuitafuta miwani, muda mwingine kuitafuta anwani. Kuandika kwenyewe kunamchukua zaidi ya saa. Halafu anasimama mlangoni akijiuliza, je, nichukue mwavuli au niuache? Siku imekwisha, na bibi amechoka kweli kweli. Mtu mwenye shughuli nyingi angeimaliza kazi hiyo kwa dakika tatu. Wala usimcheke bibi ukadhani anasingizia uchovu. Uchovu wake ni wa kweli. Kitu ambacho hakikuongezeka ni kazi yenyewe, kwa sababu mwisho wa siku kuna postikadi moja tu.

Kutoka kwa bibi, Parkinson akaingia maofisini. Alisema tumfikirie afisa mmoja, tumwite A, ambaye anaona kazi imemlemea. Ana njia tatu. Anaweza kujiuzulu. Anaweza kugawana kazi na afisa wa cheo sawa naye, tumwite B. Au anaweza kuomba wasaidizi wawili, C na D. Je, atachagua ipi? Akijiuzulu atapoteza pensheni yake. Akimkaribisha B, atakuwa amejiletea mshindani wa kupigania naye cheo. Basi huchagua wasaidizi. Na lazima wawe wawili. Akiwa mmoja, atajiona karibu sawa na bwana mkubwa. Wakiwa wawili, kila mmoja atamchunga mwenzake.

Siku zikipita, C naye analalamika kwamba kazi imemlemea. Anapewa wasaidizi wawili, E na F. Haki ni haki, D naye anapewa G na H. Sasa watu saba wanafanya kazi ya mtu mmoja. Je, wanakaa bure? La hasha! Wana kazi tele, kwa kuwa wanaandikiana. Barua ikiingia, E anasema ni ya F. F anaandika jibu, C analikata-kata na kumtaka ushauri D. D anampa G, G anakwenda likizo na kumwachia H. Mwishowe barua inamfikia A, ambaye anafuta yote waliyoongeza na kuliacha jibu kama vile ambavyo angeliandika yeye mwenyewe tangu mwanzo. Taa za mji zimeshawaka wakati A anapotoka ofisini, ameinamisha kichwa kwa uchovu. Ewe msomaji, kama umewahi kufuata karatasi fulani katika ofisi fulani, ukaambiwa nenda mlango ule, rudi mlango huu, basi sina haja ya kukueleza zaidi.

Hapa ndipo ninapomsifu Parkinson kuliko wachekeshaji wengine. Hakuishia kwenye hadithi. Alikuwa mwanahistoria wa manowari, basi akafungua vitabu vya hesabu vya jeshi la majini la Uingereza akalinganisha miaka miwili. Mwaka wa 1914 jeshi hilo lilikuwa na manowari kubwa 62. Mwaka wa 1928 zilibaki 20. Maafisa na mabaharia walipungua kutoka 146,000 hadi 100,000. Mtu mwenye akili timamu angetarajia kwamba makarani na maafisa wa makao makuu nao walipungua. Wapi! Waliongezeka kutoka 2,000 hadi 3,569. Kwa asilimia, manowari zilipungua kwa karibu 68, na wenye meza wakaongezeka kwa zaidi ya 78. Wahenga wetu wa pwani walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Hapa chombo chenyewe kilikuwa kimekwisha kuondolewa majini, na manahodha bado wanaajiriwa.

Kisha akaigeukia Wizara ya Makoloni, na hapa nasi Wakenya tunaingia katika hadithi. Wizara hiyo ya London ndiyo iliyosimamia utawala wa Kenya kabla ya uhuru wa 1963. Parkinson alionyesha kwamba mwaka wa 1935 ilikuwa na wafanyakazi 372. Mwaka wa 1954 walikuwa 1,661, yaani zaidi ya mara nne. Je, makoloni yalikuwa yameongezeka mara nne? Hata kidogo. Mwaka wa 1948 Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, ilipata uhuru, na mwaka huo huo Waingereza wakaondoka Palestina. Nchi za kutawaliwa zilikuwa zikipungua huku watawala wa mezani wakizidi.

Nilipozisoma tarakimu hizo sikucheka mara moja. Mwaka wa 1954 Kenya ilikuwa katika Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Wazee wetu walikuwa wakihamishwa na kufungwa vizuizini, na huku London faili zao zilikuwa zikipita kutoka meza ya E hadi meza ya F. Parkinson hakuandika habari hiyo. Makala yake yalihusu idadi ya makarani tu. Lakini mzaha mzuri una tabia hiyo. Unakufungulia mlango, na ukiingia ndani unakuta mambo ambayo hata mwenye mzaha hakuyataja.

Mwaka wa 1957 makala hayo na mengine yalikusanywa katika kitabu kilichoitwa kwa jina la kanuni yake. Kitabu kilinunuliwa mno, kikatafsiriwa katika lugha nyingi. Ndani yake mna sura moja ambayo ingefaa kusomwa kabla ya kila mkutano wa chama chochote cha shule. Sura hiyo inahusu kamati yenye mambo matatu ya kuamua. Jambo la kwanza ni ujenzi wa mtambo wa nguvu za nyuklia kwa pauni milioni 10. La pili ni kibanda cha kuegeshea baiskeli. La tatu ni kahawa ya vikao. Mtambo wa nyuklia unapitishwa kwa dakika mbili na nusu, kwa maana hakuna anayeuelewa na kila mtu anaona haya kuuliza. Kibanda cha baiskeli kinabishaniwa kwa dakika 45, kwa sababu kila mtu anajua bati ni nini. Kahawa je? Saa moja na robo, na uamuzi unaahirishwa. Maana yake ni kwamba wanakamati huzungumza sana pale ambapo fedha ni kidogo na ujuzi wao unatosha.

Chama chetu cha Kiswahili sitakitaja. Nitasema tu kwamba mimi ndiye ninayeandika kumbukumbu za mikutano, na ukurasa wa bajeti ya jarida hili una mistari minne, ilhali ukurasa wa swali la mandazi au mkate kwa sherehe ya kufunga muhula ukaendelea mpaka nyuma ya karatasi. Wanachama wenzangu, msininunie. Hata kamati ya wasomi wa Uingereza ilishindwa na kahawa.

Sasa swali: Parkinson aliyapata wapi mambo haya? Alikuwa akisimulia kisa cha wakati wa vita. Katika ofisi yake ya makao makuu kulikuwa na wakubwa kadhaa juu yake, na wote walikuwa na kazi nyingi usiku na mchana. Siku moja mkubwa wa kwanza akaenda likizo. Aliyemfuata akaugua. Aliyemfuata huyo naye akawa hayupo. Parkinson, aliyekuwa meja, akabaki peke yake na akajiandaa kuzikwa chini ya faili. Kumbe! Kila mkubwa alipoondoka, kazi ilipungua. Ilipomfikia yeye, hapakuwa na kitu cha kufanya. Walikuwa wakipeana kazi wao kwa wao.

Angeweza kukasirika. Angeweza kuandika barua ya malalamiko, nayo barua ingepita kwa E, kwa F na kwa C. Badala yake alikumbuka, akaweka akilini, akangoja zaidi ya miaka 10, akaongezea hesabu za manowari ambazo mwanahistoria pekee angezijali, akaandika kwa uso mkavu bila kucheka hata kidogo. Aliweka hata kanuni ya hisabati yenye herufi, kama wafanyavyo wanasayansi, ili kupiga chuku ionekane elimu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ucheshi wake haukuwa kinyume cha bidii. Ulitokana na bidii. Mtu ambaye hakuwahi kukaa ofisini asingeweza kuicheka ofisi vile, na mtu ambaye hakuwahi kuhesabu manowari asingeaminiwa.

Nimeahidi kurudi kwenye saa zetu za jioni, na ahadi ni deni. Sisi wanafunzi wa kutwa hutoka shuleni saa kumi na nusu. Pendekezo ni tutoke saa kumi na moja na nusu. Wanaounga mkono wanasema mitihani ya kitaifa inakaribia na masomo ni mengi. Wanaopinga wanasema wengine wetu hutembea karibu saa nzima mpaka nyumbani, na wasichana watafika giza limeingia, na kule nyumbani maji bado hayajatekwa.

Kanuni ya Parkinson inatuuliza swali ambalo pande zote mbili hazijaliuliza: hiyo saa ni ya kazi gani? Kama hakuna kazi iliyotajwa, kazi ya zamani itatanuka ijaze saa mpya. Zoezi la hesabu lililokuwa likimalizwa saa kumi na nusu litamalizwa saa kumi na moja na nusu. Tutakuwa tumechoka zaidi, na tutaonekana wenye bidii zaidi, kama yule bibi mlangoni na mwavuli wake. Wala si saa za shule tu. Mwalimu akitoa insha Jumatatu ya kukusanywa Ijumaa, nenda darasa lolote usiku wa Alhamisi uone kalamu zinavyokimbia.

Lakini nisiifanye kanuni hii iseme isichokisema. Kwanza, haisemi tufanye haraka. Haraka haraka haina baraka, na insha ya dakika tatu itarudi na wino mwekundu. Kuna kazi ambazo zinahitaji muda kweli, kama kuielewa hesabu ya mafumbo au kukariri msamiati. Pili, wako wenzetu ambao nyumbani hakuna stima wala meza, na kwao saa moja chini ya taa za shule ni saa ya dhahabu. Huwezi kuwaambia kwamba saa hiyo ni bure. Nimewatazama wenzetu hao, na nimegundua jambo. Mtu ambaye taa yake ya sola huzimika saa nne usiku hajawahi kuhitaji kusoma habari za Parkinson. Huanza na lililo gumu, kwa kuwa anajua mwanga una mwisho. Taa ndiyo mpaka wake. Sisi wengine ambao mwanga wetu hauna mwisho inatubidi tujiwekee mpaka wenyewe.

Kwa hiyo, kwa heshima zote kwa walimu wetu na wazazi, mimi sipingi saa ya nyongeza wala siiungi mkono kwa macho yaliyofumbwa. Ninachoomba ni kwamba kazi itajwe kwanza, saa ifuate. Kwa mfano, Jumanne ni kusahihisha pamoja mtihani uliopita. Alhamisi ni mwalimu wa kemia na maswali yaliyotushinda. Anayemaliza aruhusiwe kwenda nyumbani kungali mchana, hasa wanaokaa mbali. Na anayetaka kubaki kwa ajili ya mwanga abaki. Hapo saa itakuwa mtumishi wa kazi, si kazi mtumishi wa saa.

Na Parkinson aliishia wapi? Kitabu kilipompatia jina na fedha, aliacha uprofesa wa Malaya mwaka wa 1958, akafundisha kwa muda mfupi katika vyuo vikuu vya Marekani, kisha akaenda kuishi katika kisiwa kidogo cha Guernsey ili aandike. Mwaka wa 1960 alitoa kanuni ya pili, kwamba matumizi hupanda mpaka yakayafikia mapato. Aliilenga serikali na kodi zake, ila nadhani kila aliyewahi kupewa hela za matumizi kwa wiki nzima anaifahamu kufikia Jumanne. Mwaka wa 1970 alichapisha maisha ya nahodha Horatio Hornblower, kwa tarehe na ushahidi kamili, na baadhi ya wasomaji wakaamini. Hornblower hakuwahi kuishi. Ni mhusika wa riwaya za mwandishi mwingine. Kwa jumla aliandika takriban vitabu 60, mpaka kifo chake mwezi wa Machi 1993, akiwa na umri wa miaka 83.

Vitabu 60! Mtu aliyeicheka kazi inayotanuka hakuiacha yake itanuke. Nanyi wenzangu wa Kidato cha Tatu, insha ya Ijumaa mmeshaianza?